Tairi la Nyuma, Upande wa Kushoto

Kinyozi alipofungua mlango wa mbele saa kumi na moja na nusu alfajiri, hakuhitaji hata kuinama. Gari lilikuwa limelalia upande mmoja kama mtu anayeumwa kiuno. Tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekaa chini tena.

"Limeshuka?" mkewe aliuliza kutoka ndani, mswaki mdomoni.

"Limelala kabisa. Na jana nimelijaza mpaka likawa gumu kama jiwe."

"Si ulisema fundi ameziba?"

"Ameziba. Nilimwona kwa macho yangu akitoa msumari."

Mkewe alikuwa karani wa mahakama, na basi la wafanyakazi halikuwa na simile. Saa kumi na mbili kasoro robo usipokuwa kituoni, umeachwa. Kwa hiyo kumpeleka mama yake hospitali ilikuwa kazi ya mumewe, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Figo za mama zilikuwa zimegoma, na mashine ndiyo iliyomsafishia damu. Mwenyewe alishaketi kiti cha nyuma, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani, akitazama mbele kana kwamba gari limeshaanza kwenda.

"Dakika kumi tu, Mama," Kinyozi alisema dirishani.

"Haya, mkwe wangu. Acha nishuke basi, nisikulemee."

"Hapana, kaa tu. Baridi."

Maneno yalimwishia hapo. Dukani kwake Kinyozi aliweza kuongea kutwa nzima, kuanzia mpira hadi dawa ya mba, lakini mbele ya mama mkwe ulimi ulikuwa mzito. Walikuwa wameishi nyumba moja miezi saba na hawajawahi kuongea zaidi ya salamu, chakula na dawa.

Akaenda kugonga kwa jirani, dereva wa malori aliyestaafu.

"Pampu?" sauti ilitoka chumbani kabla hajafungua mdomo.

"Ndiyo, Mzee. Samahani sana."

"Iko nyuma ya mlango. Hivi wewe, hilo gari ulilinunua au ulilioa?"

Kinyozi alicheka kwa adabu. Lilikuwa gari la mtumba, na aliyemuuzia aliapa halina tatizo, kisha akamkabidhi bila hata tairi la spea. Hii ilikuwa mara ya nne kumwamsha jirani ndani ya wiki mbili. Mara ya kwanza jirani alitoka mwenyewe akamsaidia. Mara ya pili alimpa pampu mlangoni. Sasa hakunyanyuka hata kitandani.

Akaanza kukanyaga. Ilikuwa pampu ya mguu, na kila alipokanyaga gari liliinuka kidogo, na mama mkwe akainuka nalo. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili. Alimsikia mkwewe akihema, akamwona kwa pembe ya jicho akijifuta jasho kwa mkono wa shati alilopigiwa pasi jana. Akageuza uso upande wa pili, ili asimtie aibu.

Walifika wamechelewa dakika thelathini na tano. Nesi wa zamu alikuwa mlangoni na orodha yake.

"Mama, sasa hivi saa ngapi?" aliuliza, kama anayemhoji mtoto aliyechelewa shule.

"Samahani, mwanangu."

"Nina mashine sita na wagonjwa kumi na wanane. Leo utakaa kwenye mashine kwa saa tatu, si nne. Anayefuata naye anangoja."

"Lakini nesi," Kinyozi alianza, "njiani tulipata..."

"Tairi. Ninajua, Baba. Jumanne pia ilikuwa tairi."

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Kinyozi alikaza macho kwenye vigae vya sakafu. Mama mkwe akamgusa nesi mkono. "Tatu zinatosha, mwanangu. Nielekeze tu kitanda."

*

Fundi wa pancha wa njia panda aliitwa Chap-Chap, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alikuwa ameliandika kwa rangi nyekundu juu ya pipa lililokatwa katikati, lililojaa maji meusi. Alilitumbukiza tairi, akalizungusha mara moja, akatazama, akanyanyua kichwa.

"Hapa hakuna kitu, bosi. Kiraka changu kimeshika kama kawaida."

"Basi upepo unakwenda wapi?"

"Valvu." Akaitemea mate valvu, akaitazama kwa muda wa kupiga chafya. "Ndiyo hii. Nakubadilishia moyo wake."

"Una hakika?"

"Bosi, mimi nimezaliwa kwenye matairi."

Akabadilisha, akajaza, akalipiga tairi teke la heshima. Kinyozi alipogeuza gari aondoke, Chap-Chap alimfuata dirishani. "Ila nikwambie ukweli kama ndugu. Likishuka tena, nunua jipya. Hilo limechoka."

Jipya! Kinyozi alilifikiria njia nzima. Dukani alikuwa na viti viwili vya kunyolea, na kimoja kilikuwa hakikaliwi siku nyingi. Yuko mtu aliyewahi kukiulizia. Kukiuza ilikuwa sawa na kukiri kwamba lile duka la vinyozi wawili alilokuwa akiliota halitakuwepo, lakini afanyeje?

Ijumaa asubuhi tairi lilikuwa limeshuka nusu.

*

Jioni ile walikula wali na mboga, watatu mezani, redio ikisema chini chini. Mama mkwe alisukuma sahani yake pembeni.

"Nilisahau kuwaambia. Daktari amesema hali yangu ni nzuri. Sasa niende mara mbili kwa wiki. Jumamosi nimepunguziwa."

"Kweli, Mama?" Binti yake aliweka kijiko. "Amesema lini?"

"Jana, nilipokuwa kwenye mashine."

"Alhamdulillahi! Umesikia, mume wangu?"

"Nimesikia," Kinyozi alisema. "Habari njema hiyo."

Na kweli alisikia kitu kikishuka mabegani. Kesho hatamgongea jirani. Kesho hatasimama mbele ya nesi. Akajiongezea wali, akala kwa hamu, na alikuwa amefika katikati ya sahani alipojishtukia. Alikuwa akifurahi nini hasa? Alimtazama mama mkwe. Yule mama alikuwa akimtazama anavyokula, uso umetulia, kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Chini ya meza alikuwa amevua viatu. Miguu ilikuwa imevimba na viatu havikumwingia vizuri tangu jana, lakini hilo hakuna aliyeliona.

*

Jumamosi saa nne asubuhi Kinyozi alikuwa amemkalisha Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mtu mzito, mpole, aliyenyolewa kipara kila baada ya wiki mbili. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari inang'aa. Simu ikaita.

"Baba, mimi nesi wa kitengo cha figo. Mama yuko wapi?"

"Si amepunguziwa? Daktari amesema mara mbili."

"Daktari gani?" Karatasi zilisikika zikifunuliwa. Aliporudi, sauti yake haikuwa ile ya mlangoni. "Hakuna daktari aliyesema hivyo. Juzi alikaa saa tatu tu, na leo hakuja. Maji yanajaa mwilini, Baba. Yakifika kwenye mapafu ni hatari."

"Nimlete sasa hivi?"

"Mashine zote zina watu mpaka jioni. Kesho tunafungua kwa dharura. Nampangia saa kumi na mbili kamili asubuhi. Akibanwa pumzi usingoje kesho, mlete moja kwa moja. Na kesho, tafadhali sana, usichelewe. Baada yake yuko mwingine wa dharura, siwezi kumsogeza."

Kinyozi aliweka mashine ya kunyolea mezani.

"Nenda," Mwalimu Mkuu alisema kwenye kioo, kitambaa kimemfunika mpaka kidevuni. "Mimi nipo."

Akakumbuka tairi, akachukua chupa yake ya kupulizia maji, sabuni ya kunyolea na brashi, akatoka mbio. Nyumbani kulikuwa mitaa mitatu tu kutoka hapo.

Alimkuta mama mkwe uani, kwenye kigoda, anafua shati. Lilikuwa lile shati la Alhamisi.

"Mama, nesi amepiga simu."

Mikono ya yule mama ilisimama ndani ya povu. Hakujaribu kujitetea.

"Miaka thelathini nimefua mashuka ya watu," alisema, "sijawahi kumwambia mtu kaniokotee sabuni. Sasa nakaa ndani ya gari kama gunia, mtu mzima anakwenda kuomba pampu gizani kwa ajili yangu. Nilimsikia jirani anavyokujibu. Nilimsikia yule aliyecheka kwenye benchi. Nikasema, hata nikimpunguzia siku moja, si haba."

Kinyozi alichuchumaa ili macho yao yalingane. Alitafuta neno zuri, lile ambalo mkwe mwenye busara angelisema, akalikosa. Yakamtoka yaliyokuwepo.

"Mama, mimi jana nilifurahi. Uliposema Jumamosi umepunguziwa, nilifurahi, nikajiongezea wali. Sasa hivi naona aibu siwezi hata kukuangalia."

Mama mkwe alimtazama. Kisha, taratibu, mabega yake yakaanza kutikisika. Kinyozi alidhani analia.

"Nilikuona," alisema akicheka. "Ulikula kama mtu aliyetoka jela."

"Mama!"

"Nami nikasema, si kitu, angalau ameshiba." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Sasa nesi amesema nini?"

Alimweleza. Kesho, saa kumi na mbili kamili, na mwingine anafuata.

"Pumzi yako ikoje?"

"Ipo. Miguu tu ndiyo imekuwa mito." Akainuka kwa kujikaza kisabuni, mkono mmoja ukutani. "Haya. Tulitazame hilo tairi lako linaloshinda wanaume wawili."

*

Kinyozi aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akalilaza kwenye sakafu ya uani. Aliazima pampu tena, na safari hii jirani alitoka nayo mwenyewe mpaka uani, kwa udadisi. Tairi lilipokaza, Kinyozi alitoa mfukoni sabuni yake ya kunyolea na brashi, akaanza kulipaka. Alipaka kwa ufundi, akizungusha mkono, mpaka tairi likawa na povu jeupe lililoumuka kama kidevu cha mteja.

"Unataka kulinyoa?" jirani aliuliza.

"Natafuta tundu. Panapovuja patatoa povu."

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema kwa upole, "povu umeshaweka wewe mwenyewe. La tairi utalijuaje?"

Kinyozi alitazama kazi yake. Ilikuwa kweli. Jirani aligeukia ukuta, mgongo ukimtikisika.

Mama mkwe aliagiza ndoo ya maji, akalisuuza tairi lote. Kisha akachukua chupa ya kupulizia, akaijaza maji, akadondoshea sabuni ya kufulia kiasi cha kucha ya kidole kidogo, akaipindua polepole bila kuitikisa.

"Sabuni nzito inaficha. Nyepesi inaonyesha. Uliza mtu yeyote aliyewahi kutoa doa." Akapulizia sehemu ndogo tu, kiasi cha kiganja, akavuta kigoda, akakaa. "Sasa tunangoja."

"Tunangoja mpaka lini?"

"Upepo unachukua usiku mzima kutoka. Wewe unataka uuone kwa dakika moja?"

Wakangoja. Pale alipozibia Chap-Chap hapakuwa na kitu. Wakapulizia valvu, wakangoja; hakuna. Wakazunguka ukingo wote wa nje, kiganja kwa kiganja, na kila sehemu mama mkwe aliikazia macho mpaka maji yakauka. Jirani alichoka, akaenda kuketi kivulini. Kinyozi aliangalia saa, akamfikiria Mwalimu Mkuu, akafikiria kile kiti cha pili.

"Ligeuze," mama mkwe alisema.

"Upande wa ndani? Huko nani anaangalia?"

"Ndiyo maana nikasema uligeuze."

Upande ule ulikuwa na tope la mwaka mzima. Wakausafisha kwa brashi ya viatu. Akapulizia pale mpira unapokutana na rimu, akasogeza kigoda, akainama mpaka Kinyozi akaogopa ataanguka. Dakika zikapita.

"Mkwe. Njoo hapa."

Mwanzoni hakuona kitu. Akaelekeza jicho pale kilipoishia kidole cha mama mkwe. Kwenye mfereji kati ya mpira na chuma kulikuwa na uzi mweupe, mwembamba, wa povu dogo dogo kama la mdomoni mwa mtoto mchanga. Akaufuta kwa kidole. Wakangoja. Ukarudi, punje moja, punje mbili, ukajipanga tena palepale.

"Unakua!" Kinyozi alipiga ukelele. "Mama, unakua! Mzee, njoo uone!"

Jirani alipiga magoti, akatazama kwa muda mrefu, akapangusa rimu kwa gumba. Gumba lilitoka na vumbi la kahawia. "Kutu," alisema. "Rimu imepata kutu, mpira haushiki vizuri. Mwanangu, ungenunua tairi jipya mara kumi, lingeshuka mara kumi."

Wakati huo geti likafunguliwa. Mwalimu Mkuu aliingia, kitambaa cha kinyozi bado kiko shingoni, kichwa upande mmoja kipara na upande mwingine kina nywele na mvi zake.

"Samahani kuwasumbua," alisema. "Nina kikao cha wazazi saa nane."

*

Gurudumu lilifika kwa Chap-Chap likibingirishwa na watu wawili, Kinyozi upande huu na Mwalimu Mkuu upande wa pili, kwa kuwa Mwalimu Mkuu alisema akisaidia atamalizwa kunyolewa mapema. Wanafunzi watatu waliokuwa wakipita waliganda barabarani. "Shikamoo, Mwalimu," walisema, na walipofika mbele kidogo wakaanguka kwenye nyasi kwa kicheko. Nyuma walikuja jirani na mama mkwe, wakienda kwa hatua za miguu iliyovimba, wakipumzika kila baada ya nyumba mbili. Mama mkwe aliambiwa abaki nyumbani, akakataa.

"Bosi, nilikwambia ununue jipya," Chap-Chap alisema.

"Ni rimu," Kinyozi alisema. "Ndani. Ina kutu."

"Aaa, rimu haiwezi..."

"Kijana," mama mkwe alisema, akijishusha kwenye benchi la wateja. "Hapa pana kivuli kizuri. Sina haraka. Toa tairi, unionyeshe."

Chap-Chap alimtazama yule mama, akatazama kichwa cha Mwalimu Mkuu, akaona heri afanye kazi. Akaubandua mpira kutoka kwenye rimu. Alipoigeuza rimu juani, aliisogeza karibu na macho. Ukingo mzima wa ndani ulikuwa umevimba magamba ya kutu.

"Loo," alisema taratibu. "Huku sikuangalia."

Alichukua brashi ya waya, akasugua. Alipodhani amemaliza, mama mkwe alipitisha kidole na kusema bado. Akasugua tena, akapiga msasa, akapangusa, mpaka chuma kikang'aa kotekote. Akapaka gundi nyeusi ya kuzibia ukingoni, akarudisha mpira, akajaza upepo. Tairi likapiga ta! ta! likikaa mahali pake. Alinyoosha mkono alibebe alitumbukize pipani.

"La," mama mkwe alisema, na kutoa ile chupa mkobani. "Tumia hii. Halafu ukae."

Kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda chake, Chap-Chap alikaa. Wote walikaa, mstari mmoja kwenye benchi, macho kwenye ukingo wa tairi lililolowa. Mpita njia mmoja alisimama kuuliza kuna nini, akanyamazishwa. Maji yalikauka polepole kwenye mpira. Hakuna punje hata moja iliyoota.

"Halivuji," Chap-Chap alisema kwa kunong'ona.

"Pulizia tena," mama mkwe alisema.

*

Jumapili Kinyozi aliamka kabla ya saa yake kulia. Alipita sebuleni pekupeku, akafungua mlango, na safari hii aliinama. Gari lilikuwa limesimama wima kwa magurudumu yote manne. Alilibonyeza tairi kwa gumba, akalipiga kisigino, akalibonyeza tena. Kisha akaketi kwenye kizingiti, akatulia, bila kuwa na la kufanya kwa dakika ishirini nzima.

Walikwenda wote watatu, kwa kuwa Jumapili mahakama imefungwa. Binti alipoambiwa ukweli wote jana jioni alifoka, akalia, akafoka tena, kisha akamkanda mama yake miguu mpaka akasinzia. Walifika mapema mno, mlinzi akawaambia wangoje. Nesi alipokuja aliwakuta wameegemea geti.

"Mmelala hapa?" aliuliza.

"Tumepata tundu," Kinyozi alisema, akaanza kumweleza habari ya rimu, na kutu, na punje za povu, mpaka nesi akamwambia Baba, mwache mama aingie.

Mama mkwe alikaa kwenye mashine kwa saa nne kamili. Alipotoka uso ulikuwa umepungua uvimbe, macho yamefunguka, na viatu vilimwingia bila kusukumwa. Alitembea mwenyewe hadi garini akiwa amemshika binti yake mkono, kwa kupenda tu. Jua lilikuwa zuri, barabara nyeupe, hazina watu.

Kinyozi aliwasha gari akatoa ishara ya kukata kulia, njia ya nyumbani.

"Kuna haraka gani?" mama mkwe alisema. Alikuwa ameshusha kioo na kutoa kiwiko nje kama dereva wa masafa marefu. "Miezi saba naijua njia moja tu, nyumbani na hospitali. Upande wa kule kuna nini?"

"Sijui, Mama," Kinyozi alisema. "Sijawahi kwenda."

"Na wewe?" alimwuliza binti yake.

"Mimi naijua ya mahakamani tu."

Wakatazamana kwenye kioo kidogo, Kinyozi na mama mkwe wake. Kisha akazima ile ishara, akawasha ya kushoto.